Jina Ambalo Kukhu Hakutaka Liitwe

Nikiwa mtoto wa miaka minane hivi, kwetu Tongaren, mama alijifungua mtoto wa kiume aliyelia siku nne na kukataa kunyonya. Daktari wa zahanati alitupa dawa ya matone. Matone yakaingia, kilio kikaendelea.

Sisi Wabukusu tuliamini kwamba mtoto anayelia hivyo anadai jina la mtu wa ukoo aliyekufa. Shangazi alikaa kando ya mama akataja marehemu wetu mmoja mmoja, na kwa kila jina mama alimpa mtoto titi. Akinyonya, jina limepatikana. Aliyakataa yote. Likabaki moja tu, ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka: Makhanu, jina la babu.

Babu alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu huko Burma, baba akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi, wala haikuja barua. Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi, hakukubali kuitwa mjane. Tulipohama kutoka Webuye aliacha maagizo kwa majirani watatu: Makhanu akifika, wamwelekeze njia ya Tongaren. Na kumpa mtoto jina la mtu aliye hai, alisema, ni kumfukia mwenye jina angali hai.

"Mama, vita viliisha zamani," baba alimwambia siku ya nne.

"Viliisha kwenu," akajibu.

Asubuhi yake alinishika mkono tukaenda Kitale. Sokoni kulikuwa na mzee Msabaoti, Ndiema, aliyeuza vitunguu vya mlimani. Kukhu alikuwa amesikia kwa miaka mingi kwamba mzee huyo alikuwa vitani pamoja na babu, lakini hakuwahi kumfuata. Mimi niliogopa. Tulikua tukiambiwa jinsi Wasabaoti wa mlimani na wazee wetu walivyonyang'anyana ng'ombe kwa mikuki, na mzee huyu masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa yakaning'inia. Nilijificha nyuma ya Kukhu.

"Mimi ni mke wa Makhanu," akasema.

Mzee aliweka chini kitunguu alichokuwa ameshika. "Shemeji. Ni mimi niliyepaswa kuja kwako. Nilishindwa."

Alieleza polepole, kwa Kiswahili cha jeshini. Walikuwa wanavuka mto uliofurika, na yeye hakujua kuogelea. Babu, aliyekulia kando ya mto Nzoia, alikuwa ameshafika ng'ambo. Akarudi. Alimfikisha Ndiema kwenye kamba ya kuvukia, kisha mto ukamchukua yeye. Walimtafuta siku mbili.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, shemeji. Maji yalikuwa na kelele."

"Alikuwa amekula?"

"Alikula. Wali na samaki wa mkebe. Tuligawana."

Kukhu akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

Mzee alifunga biashara akaja nasi hadi nyumbani. Wanaume wa pale walimtazama kwa jicho baya, lakini Kukhu alimkaribisha ndani, akampa kiti. Kisha akampakata mtoto.

"Makhanu," akamwita. "Nyonya sasa."

Akamrudisha kwa mama. Mtoto akanyonya.

Labda ile dawa ndiyo ilikuwa imeanza kufanya kazi. Sibishani na anayesema hivyo. Ndugu yangu ana mvi sasa, mwalimu huko Bungoma, na wana wa Ndiema walikuja kwenye harusi yake. Lakini mimi hukumbuka jioni ile, mgeni alipokwisha kuondoka. Kukhu alikaa kizingitini mpaka giza likaingia, halafu akatia komeo mlangoni. Sikuwa nimewahi kumwona akilitia. Nilidhani ameogopa wezi.

Natamani ningekaa naye pale. Babu alirudi mtoni mara moja, na ukoo mzima humsifu hadi leo. Kukhu alikwenda Kitale akijua atakachoambiwa, baada ya kungoja miaka yote ile, na sikumbuki mtu yeyote aliyemwambia pole.