Rangi Moja kwa Kila Pipa

Pale kwetu Manika nilikuwa nauza petroli ya taa, chupa kwa chupa, mlangoni mwa nyumba. Pipa la petroli lilikaa ndani, pembeni ya pipa la maji, maana wezi wa Kolwezi mi nawajua. Watu wa usafi walikuja wakataka nilipake rangi nyekundu. Wazimamoto wakataka manjano. Watu wa soko nao, ati bluu! Nikapaka zote tatu, na rangi iliyobaki nikalipaka pipa la maji, lisione wivu. Mapipa yakafanana kama mapacha. Sikujali. Nani atakosa kusikia harufu ya petroli?

Bwana yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha shaba, upande wa dawa kali. Kila jioni, kabla hajavua viatu, alisema pale mlangoni: "Mama, harufu ya mboga yako imenivuta toka barabarani." Nilicheka, nikamwambia aache uongo, halafu nikamwongezea ugali wa bukari.

Ndipo wakubwa wa zoni, serikali yetu ya mtaa, wakaamua. Petroli, asidi, kila kitu cha hatari, sasa ni ofisi moja tu na rangi moja tu, nyekundu. Tena petroli itoke nyumbani, ikae kwenye kibanda nje. Atakayekosea, biashara inafungwa. Niliogopa sana, kwa sababu petroli ile ndiyo ilivalisha batoto bangu.

Siku ya kuja mkaguzi wa ofisi ile, bwana yangu akasema, "Weye pika tu, mi nitapaka." Akapaka pipa moja jekundu, akalisukuma polepole mpaka kibandani.

Mkaguzi alipofika alifungua lile jekundu, akachovya kidole, akanusa. "Citoyenne, siku hizi unauza maji?"

Maji? Nikakimbilia ndani. Bwana yangu alikuwa ameinama juu ya pipa lililobaki, anachota akidhani ni maji ya kumwogesha kitindamimba wetu. Beseni liko tayari, pembeni ya mbabula yenye makaa mekundu. Yo, mama yangu! Nilipiga kelele, kopo likabaki hewani. Nikamnyakua mtoto. Mkaguzi akabeba mbabula nje.

"Tata," akamwuliza aliporudi, "hausikii harufu?"

Bwana yangu akaangalia chini. "Toka mtoto wa kwanza hajazaliwa. Dawa za kazi zilimaliza pua. Sikutaka mama ajue."

Mkaguzi hakufunga biashara. Alisema tu nipake mimi mwenyewe, na petroli nisimwachie mwingine. Alipoondoka nilimkasirikia bwana yangu, jamani, nilimkasirikia kweli! Halafu nikakumbuka jioni zote zile za harufu ya mboga, nikakaa chini nikalia.

Kesho yake jioni alisimama mlangoni, hajavua viatu, akachungulia jikoni.

"Ni mboga ya sombe, tata," nikamwambia toka jikoni. "Na samaki ndani."

"Inanukia, mama," akasema.