Kisima Kilichotupa Jina

Siku moja haijapata kunitoka akilini, mwanangu: ile asubuhi ambayo shangazi yangu Holo alinishika mkono mbele ya wacheza ngoma wenzangu, akanipeleka kisimani kama anavyopelekwa mtoto aliyevunja mtungi. Mjukuu wangu anakuandikia ninayoyasema, kwa kuwa mimi shule sikuingia. Nimemwambia asipunguze aibu yangu hata kidogo.

Kitongoji chetu, nje kidogo ya Bariadi, kinaitwa Mwaminza. Katika Kisukuma maana yake ni kwa Minza, na Minza alikuwa mwanamke aliyerudishwa kwao na mumewe kwa sababu hakuzaa. Jina hilo lilinichoma. Nilikuwa manju wa kundi la ngoma la vijana, mtunzi na mwongozaji wa nyimbo, na kila mavuno tuliposhindana na wenzetu wa ng'ambo ya mto, wao walikuwa na neno moja la kutumaliza. Manju wao alikuwa akitazama watu, anauliza kwa upole, "Hivi hawa wanatoka kwa nani? Ahaa, kwa yule mgumba." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na watazamaji wetu wakahamia kwao.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na ushirika ukaacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Akaja tajiri mmoja na lori na mizani yake. Alisema atajenga ghala kwetu, ataweka kibao barabarani, na mahali pataitwa kwa jina lake. Kisima kingeingia ndani ya uzio wa ghala, nasi tungechota kwa ruhusa. Hilo la ruhusa alilisema haraka, nami sikulisikiliza. Nilisikia jina tu. Aliponiomba niliweke katika wimbo, nilitunga siku hiyo hiyo, tukawaimbia wapinzani kwamba sisi tunatoka kwa Tajiri. Tulishinda. Kabla pamba haijaisha mashambani, hata watoto wachungao ndama walikuwa wameliacha jina la Minza. Ikatangazwa kwamba afisa atakuja kutoka wilayani kuandika jina jipya na kupima kiwanja cha ghala, kisima kikiwamo.

Ndipo shangazi Holo alipokuja. Hakunitukana. Tulipofika kisimani akaniamuru nivue viatu na kushuka. Kisima chetu kimechimbwa katika mwamba laini, na ukutani mna vidato vya kukanyagia. Nilikuwa nimeshuka humo mara nyingi nikilalamika kwamba vidato vimesongamana, goti linagonga kidevu.

"Kwa nini vimekaribiana hivyo?" akaniuliza kutoka juu.

Nikasema sijui.

"Minza alikuwa mfupi, na alipanda na kapu la udongo kichwani. Hivyo ni vipimo vya miguu yake. Unamkanyaga kila siku, halafu unamwonea haya."

Nikiwa mle chini, akanisimulia nilichopaswa kukijua tangu utotoni. Minza, alipofukuzwa, hakufika kwao. Alisimama hapa palipokuwa kichaka, akachimba peke yake kwa jembe la mkono mpaka maji yakatoka. Ulipokuja ukame, watu waliokuwa wakihama na ng'ombe walimkuta. Aliwanywesha wote, akaweka sharti moja: kisimani pake mtu asiulizwe ukoo wake. Waliobaki kuishi ndio waliosema wanakaa kwa Minza. Si yeye aliyejiita.

Nililia. Shangazi akasema, "Machozi hayatutoshi. Wewe ndiye uliyelitoa jina midomoni mwa watu. Utalirudisha wewe."

Siku ya afisa, watu walijaa penye mizani, na wale wa ng'ambo ya mto walikuwapo pia, wameleta pamba yao kuuza. Afisa akafungua daftari, akauliza mahali hapa panaitwaje. Tajiri akanitazama kwa tabasamu, akidhani kinywa changu ni chake. Nikasimama, nikaimba. Nikaimba jembe la Minza, kapu lake, miguu yake mifupi, na wenye kiu aliowanywesha bila kuwauliza ukoo. Mwisho wa kila ubeti nikauliza, "Tunakaa kwa nani?"

Mara ya kwanza wazee wachache tu ndio walioitika, "Kwa Minza." Mara ya pili ikaja sauti nzito kutoka nyuma, nikageuka. Alikuwa manju wa ng'ambo, mpinzani wangu mwenyewe, amesimama juu ya mafurushi ya pamba. Babu yake naye alikuwa miongoni mwa wale walionyweshwa na Minza. Alipoitikia, kundi lake lote likaitikia, na letu likadaka, mpaka mizani ikatikisika kwenye mnyororo wake. Afisa akangoja tunyamaze. Kisha akaandika Mwaminza, na kisima, kwa kuwa ni cha wote, akakiacha nje ya kipimo.

Tajiri alijenga ghala lake ng'ambo ya barabara. Wapagazi wake walichota maji kwetu miaka yote, na yeye alikunywa pia. Hakuna aliyemuuliza ukoo wake.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayetaka kulikata jina la babu yako kwa sababu wenzako wa mjini wanalicheka. Usiliache jina kabla hujashuka mpaka lilikochimbwa. Muulize aliye hai bado: nani alilibeba kwanza, na alimfanyia nani wema? Wala usimpe mtu sauti yako kwa sababu tu umechoka kuchekwa.

Kibao kipo barabarani hadi leo. Katika herufi zote naijua moja, ile ya kwanza pale, inayopanda na kushuka kama njia ya kisimani kwetu. Kila nipitapo naisoma kwa sauti.

Mungu akupe mikono ya Minza, na mahali utakaposimama pachimbuke maji, hata wasio wa damu yako waseme kwa fahari kwamba wanakaa kwako.