Karanga Zilivyofukuzwa Shikome

Enzi zetu, mtoto wa kiume wa Kisukuma akishaweza kuchunga ndama, basi jikoni kwa mama yake amehama. Anakula shikome, pale uani kwenye moto wa jioni, ambako wanaume wa nyumba jirani walikaa pamoja na kila mama akaleta ugali na mboga yake. Unanawa, unamega hapa, unachovya pale. Vijana wa leo, wanaokula chipsi huku simu iko mkononi na hawajui hata jirani kapika nini, hawawezi kuelewa heshima ya kiti kile. Ingawa chenyewe kilikuwa gogo.

Mimi heshima hiyo ilitaka kunitoka kwa sababu ya ngozi. Kwetu, nje kidogo ya Ushirombo, nilijulikana kama mtoto anayejikuna. Viwikoni, shingoni, nyuma ya magoti, kote kulikuwa na mabaka makavu, na nilijisugua kwenye nguzo za nyumba kama ng'ombe. Kila mtu aligeuka daktari. Jirani mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya Nyarugusu alisema niache dagaa, kwa kuwa wana macho mengi na yote yanataka kuchungulia nje. Shangazi akasema niache mayai, kwani yale ni manyoya yanatafuta pa kuotea. Mama akaninyima vyote viwili, nami nikaendelea kujikuna kwa nguvu mpya.

Mwishowe akanipeleka zahanati. Nesi alisema ni pumu ya ngozi, akatupa mafuta ya kupaka, akaeleza kwamba kwa baadhi ya watoto kuna chakula kinachoichochea. Tuache kimoja kwa wakati, tuangalie, na vingine nile vizuri, maharage, mboga za majani, matunda, nisije nikakonda bure. Mama akaanza na karanga. Wiki zikapita bila nafuu, akarudi kulalamika.

"Mama Masanja," nesi akamuuliza, "huyu mtoto anakula wapi?"

"Anakula shikome, na baba zake."

"Na huko hakuna karanga?"

Kwetu nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yasipotiwa karanga hayajapikwa. Nilikuwa nanyimwa karanga za chungu kimoja na kuzila za vyungu vya majirani wote, wala hakuna aliyewaza, kwa sababu mama alikuwa anachunga jiko lake tu.

Tulipofika nyumbani akatoa hukumu: kuanzia leo nitakula naye jikoni. Nililia kama niliyefiwa. Kula jikoni na dada zangu, katika umri ule? Wenzangu wangeniita bibi harusi mpaka nioe.

Jioni gogo langu likawa tupu. Babu akauliza niko wapi, akaelezwa. Huyu babu alipenda karanga kuliko wajukuu wengi. Akalisukuma bakuli la nsansa pembeni.

"Masanja arudi hapa," akasema. "Karanga ndizo zibaki jikoni."

Basi nyumba zote zikaleta nsansa bila karanga, na mama akapita mlango kwa mlango kusema wabeja, asanteni. Wanaume walinung'unika kweli. "Hii ni mboga au adhabu?" Baba mdogo akaniita mtemi wa ngozi. Aliyelalamika kuliko wote ni babu mwenyewe, kila jioni, lakini hakuruhusu hata punje moja ipite. Ngozi yangu ikatulia, nguzo za nyumba nazo zikapumzika.

Nilipoondoka kwenda kusoma bweni Runzewe, mama alinisimulia baadaye, vumbi la basi lilikuwa halijatulia na babu yuko kinuni, anatwanga karanga kwa mikono yake.

Sasa naishi Geita mjini, na binti yangu amerithi ngozi yangu. Kwake yeye ni mayai. Nyumbani kila mtu ana sahani yake, kwa hiyo ni rahisi mno kujua mtoto kala nini. Juzi tulikuwa tunakula chipsi mayai, kila mmoja na simu yake, naye yuko pembeni na ndizi zake za kuchemsha. Nilimkumbuka babu. Nikasukuma sahani yangu, nikachukua ndizi kwenye yake.

Akanitazama kwa huruma. "Baba, kwani na wewe unawashwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kidogo."