Bunduki ya Jeshi na Mkono Wangu Mfupi

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu Njoki, tulipopangwa mstarini mbele ya turubai lililopangwa bunduki juu yake, tukaambiwa kila mtu achague yake. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Huruma, mfupi hivi hivi unavyoniona, ila nilikuwa na nywele. Tulikuwa tunafunzwa uaskari wa wanyamapori, tukafukuze nyati na fisi kwenye mashamba ya watu. Atakayeshindwa kulenga shabaha jioni hiyo angerudishwa kwao. Na kwetu, mama alikuwa ameshatangazia ploti nzima, majirani wote wa vyumba vyetu vya kupanga, kwamba kijana wake ameandikwa kazi. Ningerudi na uso gani?

Kulikuwa na aina mbili tu. Moja nyeusi, ndefu, nzito, ile wanajeshi walikuwa wakiibeba. Nyingine fupi, ya mbao, imechakaa hata ungedhani ni ya kuwindia kanga.

Sasa wewe umezaliwa mtaa wa Fedha, lakini sisi tulilelewa sokoni. Mama aliuza mitumba, na ukitaka blanketi litoke haraka ulipaza sauti tu: "Ya jeshi hii! Ya jeshi!" Hakuna aliyeuliza tena. Buti, mkoba, sufuria, wimbo ulikuwa huo huo. Basi nikajiambia, kama jeshi zima limeikubali hii nyeusi, mimi ni nani nibishe? Si wanasema wengi wape? Nikaichukua.

Mtunza silaha alikuwa koplo mzee, Mkamba mmoja aliyeitwa Mutua. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Kijana, kwa nini hiyo?"

"Afande, hii ni ya jeshi."

"Na wewe ni jeshi?"

"Hapana, afande."

"Jeshi hununulia watu elfu kwa mara moja. Linaangalia bei, vipuri, risasi, hata urafiki na muuzaji. Mkono wako haukupimwa."

Aisee, alinivuruga kichwa! Nikamuuliza kama basi hiyo bunduki ni mbaya. "Nani amesema ni mbaya?" akanijibu, akaenda zake. Nyuma yangu kijana mmoja ananong'ona, "Wachana na huyo mzee, hiyo chuma ni noma, kali kweli!" Kando yangu Barasa, jamaa mrefu ajabu, alikuwa pia ameshika nyeusi. Aliposikia maneno ya mzee aliirudisha haraka, akanyakua ya mbao. Alidhani ameambiwa siri. Nilitaka kumfuata, nikaona haya.

Tukaanza kulenga. Kitako cha bunduki yangu kilikuwa kirefu mno, na shavu halikufika pa kulengea mpaka nivute shingo kama kobe. Mtutu nao ulinivuta chini. Risasi zikaenda Mungu ndiye anajua wapi. Nikaiona Huruma hiyo, nayo ploti nzima imetoka kunitazama. Nikageuka kwa Barasa. Masikini, alijikunja kwenye kile kibunduki mpaka kidole gumba chake mwenyewe kikampiga pua, damu ikamtoka. Sasa nikachanganyikiwa kabisa. Ya jeshi imenikataa mimi, isiyo ya jeshi imemkataa yeye. Nimwamini nani?

Mzee Mutua akaja amefura. "Mmoja ameiga jeshi, mwingine amedakia maneno ya mwenziwe! Ukiiga tembo utapasuka msamba. Badilishaneni!"

Tukabadilishana. Ile ya mbao ilipogusa bega, shavu likatua lenyewe, nikaona shabaha bila kuhangaika. Nikapiga, ikaingia. Barasa na ile nyeusi yake naye akapiga vizuri kuliko wote. Hakuna aliyerudishwa kwao. Nilikuwa na furaha, lakini sikuwa nimeelewa, nikamfuata mzee: "Afande, sasa ipi ndiyo nzuri?" Akaguna tu, "Bado unauliza?"

Juzi ulikuja hapa kwangu Kayole na simu yako, ukanionyesha jeshi la nchi fulani limechukua bunduki hii, la nchi nyingine limeiacha ile. Kesho unaenda kuchagua yako kule hifadhini, nawe unaniuliza, "Guka, nichukue gani?" Mwanangu, sijui. Usininunie. Nikikutajia moja nitakuwa nakudanganya, maana kile kibunduki cha mbao kilikuwa cha mkono wangu, si wako.

Ishike kwanza. Funga macho, iweke begani, kisha yafungue uone kama yametua pa kulengea. Tembea nayo mpaka uchoke, uone kama bado unaitaka. Jiulize utakwenda kufanya nini nayo, na nani atakutengenezea ikiharibika. Kama jibu ni ile ya jeshi, ichukue bila aibu. Kama siyo, iache bila aibu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Nenda salama, Njoki. Mungu autulize mkono wako, ayape macho yako kuona mbali, na kila mwisho wa zamu akurudishe kambini na risasi zako zote.