Kiti cha Pembeni ya Kompyuta

Ofisi yetu ya kumbukumbu za wagonjwa ilikuwa na kompyuta moja na viti viwili. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, mjini Unguja. Mimi nilikaa mbele ya kibodi. Pembeni alikaa bibi mmoja aliyekaribia kustaafu, mwenye mtoto wa jicho, haoni hata herufi. Lakini amri zote za hifadhidata ile, maneno ya kuiambia kompyuta itafute kadi, alikuwa nazo kichwani, maana ndiye aliyefundishwa mwanzo, kabla macho hayajaharibika.

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, kina maandishi tu, hakina picha wala vitufe. Mgonjwa akija bila kadi, bibi alimhoji dirishani, kisha akanisomea amri neno kwa neno, nami napiga.

"Mwisho nukta mkato. Ushaweka?"

"Nshaweka, Bi Mkubwa."

"Basi bonyeza. Haina meno hiyo."

Nilikuwa nikihama chumba hiki cha kupanga kwenda kile tangu nimalize sekondari. Zaidi ya yeye, sikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Ikaja programu mpya ya kipanya: unajaza jina kwenye kisanduku, unabonyeza, kadi inaonekana. Mkuu wetu akaniita peke yangu. "Wewe ndiye unayepiga. Tushike ipi?"

Nilijua kipanya hakihitaji msomaji. Lakini vidole vilichoka, na programu ile ilipendeza. Nikasema kipanya. Mwezi uliofuata bibi akaambiwa apumzike, na juu ya kiti chake wakaweka printa.

Siku zikawa kimya. Kisha akaja mama kutoka Mkokotoni anatafuta kadi ya mwanawe, daktari anaitaka. Mtoto aliandikishwa na mjomba wake, kwa jina ambalo mama halijui, na mjomba ashafariki. Kisanduku kinataka jina tu. Nikafungua kioo cheusi cha programu ya zamani, nitafute kwa kijiji na umri. Nikaandika maneno mawili, nikakwama, nikageuka kuuliza. Printa.

Nikamwomba mama anisubiri, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa bibi, Kikwajuni. Bibi alikuwa barazani. Nilipomwamkia alinijua kwa sauti. Akanisomea amri yote, nikaiandika kwenye karatasi.

"Na nukta mkato, usisahau. Sasa nani anakusomea?"

"Hakuna. Nabonyeza tu."

"Kutwa nzima hamna neno? Utasahau kusema, wewe! Nani aliyekitaka hicho kipanya?"

"Wakubwa," nikasema.

"Nilijua. Wewe ungenibakisha, mwanangu." Akanishika mkono, akaniombea dua ndefu. Nilisimama pale mpaka akamaliza, nikaitikia amina.

Kadi ilipatikana. Kikwajuni sikurudi tena, na mwaka haukwisha nikavuka kwenda bara. Nimefanya kazi miji mitatu tangu hapo, na kote, wakiniuliza, nimechagua kioo cheusi. Wenzangu wananicheka kwamba nasema peke yangu. Naisoma amri kwa sauti hadi nukta mkato, nangoja kidogo, ndipo nabonyeza.