Maziwa Hayanywewi Wima

Siku ile siisahau, mwanangu, na nataka uijue kabla hujaanza kwenda barabarani peke yako. Tulikuwa Mushaki, kando ya barabara ya kupanda Masisi, tukiuza maziwa mimi na nyanya yangu, mama mzaa baba. Nilikuwa msichana wa haya. Hata mteja nilimjibu kwa kichwa. Katika fundo la kitenge changu kulikuwa na nauli ya pikipiki ya kumpeleka mama kituo cha afya. Alikuwa nyumbani, kifua kimembana, akingoja tumalize kuuza bidoni, dumu letu la maziwa.

Gari la televisheni likasimama kwenye kona. Wakashuka kijana na msichana kutoka Kinshasa, mabegi mgongoni, na mwanaume wa kamera nyuma yao. Walikuwa katika mashindano ya televisheni: wafike Walikale bila hata franka moja mfukoni, kwa kuomba wenyeji tu.

"Dada, utusaidie pesa ya pikipiki," kijana aliniambia, akitabasamu. Kamera ikanisogelea usoni.

Kuona haya ni kamba, mwanangu. Mwerevu akiiona atakuvuta nayo. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye fundo.

Nyanya alikuwa anajaza kikombe. "Mutoto, uko na njaa? Ikala chini, unywe. Ya bure."

"Aksanti, Mama. Nitakunywa nikisimama, tunachelewa."

"Kwetu maziwa hainywewi wima, ngombe itakauka. Mugeni anaikala, anasema kwao ni wapi, kisha njo anakunywa. Na wewe wa kamera, weka ile jicho chini, kuya hapa uikale."

Alikuwa na haki ya kusema hayo. Miaka ya kukimbia vita, watu walipita pale na watoto mgongoni. Walikaa chini, wakanywa maziwa yake, na hakuna aliyewauliza kabila wala franka.

Mwanaume wa kamera alicheka. "Mama, iko muchezo tu."

"Asipofika, atakufa?"

"Hapana. Atarudi kwao na ndege."

Nyanya alicheka mpaka muuza viazi jirani akageuka. "Na ndege! Na anataka pikipiki ya mugonjwa wangu!"

Kijana alinigeukia mimi, akashusha sauti. "Dada, wewe njo utaamua. Watu wote watakuona."

Basi na wanione.

"Hapana," nilisema, na sauti yangu ilinishtua mwenyewe. "Hii pesa iko ya mama. Muikale munywe, ao mupande gari yenu."

Walipanda gari lao. Kikombe kilibaki kimejaa. Nyanya alinisogezea kigoda, akanipa kile kikombe cha mgeni. Nilikaa, nikanywa chote. Kisha nikaenda kutafuta pikipiki ya mama.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawakukaa hata dakika mbili, na walitaka shamba lote.

Mwanangu, mwenye shida mpe, hata kikombe cha mwisho, na usimuulize kabila. Lakini anayeivaa shida kama nguo ya kuazima, huku gari lake linamngoja kwenye kona, mnyime, hata kamera ikiwa inakutazama. Wakikuita mchoyo mbele ya dunia nzima, acha wakuite mpaka wachoke.

Ng'ombe wako wasikauke. Mlango wako usikose mgeni wa kukaa chini. Na Mungu akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi.