Mama Mkwe Kwenye Turubai

Kiangazi kile nilichora kama mtu anayefukuzwa. Mavuno yalikuwa ghalani, shule zimefungwa, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nikawa natembeza picha zangu soko hadi soko: mjini Kabati kwenye ukuta wa duka, Nunguni kwenye ukumbi wa kanisa, na mwisho Mukuyuni. Watu walisema nimerogwa. Wacha waseme, nilikuwa na furaha tele.

Picha mpya kuliko zote ilikuwa ya mwanamke wa makamo akisuka kiondo, kikapu cha kwetu. Mke wangu aliiona mara ya kwanza kule Nunguni, akashika kiuno.

"Huyu ni mama yangu. Umemchora mama mkwe wako ukamwanika sokoni?"

Kwetu Ukambani mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye. Mkikutana njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimeona visigino vyake tu. Nikakasirika. Ningemchoraje mtu nisiyemjua sura? Nilikuwa nimemchora mke wangu, nikamwongezea mikunjo. Kumbe ni hiyo mikunjo iliyoniponza.

"Usiipeleke Mukuyuni," akasema. "Kule ni nyumbani kwetu. Mama akiona nimeolewa na mtu asiye na heshima, nitarudi kumsalimia na uso gani?"

Nikakataa, maana nilikuwa sijawahi kuchora kitu kizuri vile.

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, na tukaenda Mukuyuni tumenuniana.

Tulitundika picha kwenye turubai kando ya soko. Jua lilipokuwa limepanda, mke wangu akanong'ona, "Mama huyo anakuja." Nikaruka nyuma ya turubai.  Nikasikia kigoda kikivutwa, mtu akiketi, karibu nami kabisa. Niliogopa kweli. Kumkosea mama huyo ni kumkosea mke wangu maisha yote.

 Kisha akaanza kuongea, na hakuwa anaongea na mke wangu. Alikuwa anaiambia picha.

"Wewe, mwambie mume wa binti yetu amekonda. Anywe uji wa wimbi, haujaua mtu. Mwambie pia wajukuu nimewaona, ni wazuri. Na mwambie anamtunza mtoto wangu vizuri. Nimetafuta njia ya kumshukuru tangu amwoe, sikuipata."

 Nikasogeza mdomo kwenye turubai.

"Mwambie mama nimesikia," nikaiambia picha. "Mwambie nami namshukuru kwa binti yake."

"Sawa. Na mwambie mimi sina mikunjo mingi hivyo."

Soko zima likacheka, na mke wangu akacheka kuliko wote. Jioni hiyo mikunjo niliipunguza. Picha tukampelekea, akaitundika sebuleni kwake. Tangu hapo, kila nilipoenda kusalimia, niliwekewa kiti nje chini ya dirisha. Yeye alikaa ndani akiongea na picha, nami nikiijibu, mpaka chai iishe.